Mtaji wa Kigeni na Kazi ya Mchuuzi wa Samaki

Watu wakisikia kwamba kampuni ya ng'ambo imeleta mtaji nchini, aghalabu hufikiria kiwanda chenye bomba la moshi, au mashamba makubwa kama yale ya chai ya Kericho. Lakini fedha nyingi za wageni zimeingia katika kazi zisizotoa kitu cha kushikwa mkononi, yaani simu, benki, bima na maduka makubwa. Kazi hizi huitwa huduma. Basi watu huuliza, tena kwa haki: jambo lisiloshikika lawezaje kuongeza mali ya watu wa Homa Bay na Migori, ambao riziki yao hutoka ziwani, shambani na katika mashimo ya dhahabu?

Kwanza tueleze neno moja, nalo ni tija. Tija ni kipimo cha pato litokanalo na saa moja ya kazi ya mtu mmoja. Mtu aweza kutoka jasho tangu alfajiri hata magharibi na tija yake iwe ndogo, kwa kuwa nusu ya siku imepotea njiani.

Sasa tutazame mfano wenyewe. Mwaka 2000 kampuni ya Vodafone ya Uingereza ilinunua asilimia 40 ya Safaricom, na mwezi wa Machi 2007 huduma ya M-Pesa ikaanzishwa. Kabla ya hapo, mtu wa Kisumu aliyetaka kulipia omena wa Mbita alikuwa na njia chache: asafiri mwenyewe, atumie posta, au ampe dereva wa matatu bahasha. Bahasha nyingine zilifika, nyingine hazikufika.

Tuseme mama mchuuzi hufanya kazi siku 6 kwa juma, na siku 2 kati ya hizo huishia katika safari za kupeleka fedha. Zimebaki siku 4 za soko. Akiweza kulipa kwa simu, siku zote 6 huwa za soko, yaani nusu zaidi ya zile za kwanza. Mama huyu hakuongezewa nguvu, na nauli yake imebaki kibindoni. Kampuni ya simu haikuvua hata omena mmoja, lakini kazi ya uchuuzi sasa yazaa zaidi. Mwaka 2016 wataalamu wawili, Tavneet Suri na William Jack, walitoa makadirio yao kwamba M-Pesa ilikuwa imeziinua nyumba 194,000 za Kenya kutoka katika umaskini mkubwa, na kwamba wanawake wapatao 185,000 walitoka katika kilimo wakashika biashara.

Faida hii haiji bure. Fedha zinapotumwa, mara nyingi ada hukatwa, na anayetuma kidogo kidogo mara 5 aghalabu hulipa zaidi ya anayetuma jumla ile ile kwa mara moja. Serikali nayo huchukua fungu lake: mwaka 2023 ushuru wa ada hizo ulipandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15. Sehemu ya faida ya kampuni huvuka mipaka kwenda kwa wenye hisa wa nje. Huo si wizi, ni ujira wa mtaji. Hata hivyo si faida yote iliyoondoka, maana mwaka 2008 Serikali iliuza robo ya Safaricom kwa umma, shilingi 5 kila hisa, na Wakenya wengi wa kawaida wakanunua.

Lakini liko jambo zito kuliko ada. Huko Kerala, Bara Hindi, simu za mkononi zilianza kuwafikia wavuvi mwaka 1997. Mtaalamu Robert Jensen alichunguza habari zao, akatoa matokeo mwaka 2007. Wavuvi walipoweza kuuliza bei wangali baharini, walipeleka dagaa panapohitajika. Samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4.

Je, mvuvi wa Muhuru Bay au wa Rusinga hupata faida kama hiyo? Simu anayo, na bei ya mwalo wa pili aijua. Lakini wavuvi wengi wa Ziwa Victoria wamekopeshwa nyavu, mashine ya mtumbwi au mafuta na mnunuzi mmoja, kwa sharti la kumwuzia yeye peke yake. Mtu wa namna hiyo akisikia bei nzuri mahali pengine, husikia tu. Tena mbuta huoza upesi pasipo barafu, na simu haigandishi maji.

Kwa hiyo huduma ile ile, iliyoletwa na mtaji ule ule, humzidishia mmoja pato na kumwacha jirani yake alipokuwa. Mvuvi aliyepata wavu wake kwa mkopo wa chama cha akiba cha mwaloni hulipa deni lake kwa fedha, si kwa samaki, na mashua yake yaweza kutia nanga panapolipwa zaidi.