Nusu Kaputi: Nani Anajua Kama Umelala Kweli?

Mgonjwa kutoka Kimali anayepelekwa hospitali Bariadi kupasuliwa huuliza haya kabla hata ya kuulizia kisu. Anajibu mtaalamu wa dawa za usingizi.

Swali: Daktari, mtajuaje kwamba nimelala?

Jibu: Kisu kikigusa ngozi, presha na mapigo ya moyo vikapanda ghafla, jasho likatoka au chozi likachuruzika, huenda dawa haitoshi. Mmarekani Arthur Guedel alizipanga hatua za usingizi wa dawa ya etha kwenye kitabu chake cha mwaka 1937, kwa kutazama pumzi, mboni na misuli. Etha tumeiacha, kumtazama mgonjwa, hapana.

Swali: Si kuna mashine inayosoma ubongo?

Jibu: Ipo, inaitwa BIS, Marekani iliiruhusu mwaka 1996. Kibandiko cha kwenye paji la uso hupima umeme wa ubongo na kutoa namba: karibu na 100 mtu yuko macho, na wakati wa upasuaji tunataka 40 hadi 60. Ila ketamini huiharibia hesabu. Dawa hii inatumika sana katika hospitali zetu kwa kuwa haidai mitambo mikubwa, na kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Lakini humlaza mtu huku namba ikibaki juu. Anayeifuata namba ataongeza dawa bure! Ndiyo maana mimi nikipewa fedha za kifaa kimoja, nitanunua kwanza kile cha kupima kaboni dioksidi kwenye pumzi ya mgonjwa.

Swali: Kuna wanaozinduka kweli katikati ya upasuaji?

Jibu: Wapo, wachache. Utafiti wa Uingereza na Ayalandi uliotolewa mwaka 2014 ulipata taarifa moja ya kuzinduka katika kila wagonjwa 19,000 hivi; kwa waliojifungua kwa upasuaji wakiwa nusu kaputi, moja katika 670 hivi. Karibu wote waliozinduka walikuwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli: akili inazinduka, kidole hakinyanyuki.

Swali: Mke wangu alisikia kila kitu.

Jibu: Kama alichomwa sindano ya mgongo, ndivyo inavyokuwa. Kusikia sauti na kuvutwavutwa ni kawaida. Maumivu makali si kawaida, aseme hapo hapo.

Swali: Mimi nifanye nini?

Jibu: Taja gongo, bangi na dawa zote unazotumia, usione haya. Kama uliwahi kuzinduka katikati ya upasuaji, anza na hilo. Na ukikumbuka lolote baadaye, tuambie kabla hujatoka wodini.