Kioo cha gari ya koperative: namna ya kukisafisha ndani bila kuacha mistari



Siku moja tulirudi usiku kutoka soko ndani ya gari ya koperative moja. Kila mara gari ingine ilipotuwashia taa mbele, kioo chote kilikuwa cheupe sawa vile maziwa. Mara shofere akafunga breki. Mita chache mbele yetu kulikuwa mama na mtoto wake, wamebeba kuni. Hakuna aliyeumia. Asubuhi tulipitisha kidole kwenye kioo upande wa ndani, kikachora mstari. Nje walikuwa wanakiosha kila siku, ndani hapana.

Uchafu wa ndani unatoka wapi?

Unatoka kwa pumzi yetu, mikono yenye mafuta, moshi wa sigara na vumbi ya njia. Tena plastiki ya tablo, ikipata joto ya jua, inatoa mvuke wenye mafuta unaoshika kwenye kioo. Mchana hamuuone, lakini usiku, ao jua likiwapiga usoni, unasambaza mwangaza na kuziba macho. Na wakati wa mvua, kioo kichafu kinashika ukungu mbio zaidi.

Vitu vya kutayarisha

– Vitambaa viwili vya pamba, vilivyofuliwa na kusuuzwa muzuri: kimoja cha kuosha, kimoja cha kukausha.
– Ndoo ya maji safi na sabuni kidogo sana. Tone mbili tatu zinatosha.
– Kama siki iko: kikombe kimoja ndani ya vikombe vitatu vya maji.

Namna ya kufanya

1. Muweke gari kivulini, mungoje kioo kipoe. Kwenye jua maji yanakauka mbele hamujapangusa, na hapo ndipo mistari inatokea.
2. Mupanguse kwanza vumbi ya tablo na ya kioo. Mchanga ukisuguliwa unakwaruza kioo, na alama haitatoka tena.
3. Muloweke kitambaa cha kwanza, mukikamue sana. Maji yasitiririke juu ya tablo na radio.
4. Musugue kidogo kidogo, kuanzia juu. Musisahau kona za chini, kule mkono haufike vizuri.
5. Musuuze kitambaa, mupitishe maji matupu ao maji ya siki. Sabuni inayobaki ndiyo inaleta mistari mingi.
6. Mukaushe palepale na kitambaa cha pili. Kikiloa, mugeuze upande ao mutafute kingine.
7. Vioo vya milango muviteremshe kidogo, muoshe na ile sehemu ya juu inayojificha.

Alama moja itawasaidia: ndani mupanguse kwa kulala, nje kwa kusimama. Mstari ukibaki, mutajua uko upande gani.

Muangalie sana

Musitumie kamwe kitambaa kilichopangusa pompi ya dawa ya mimea. Musitumie petroli wala mazutu: inaweza kuwaka moto, na mvuke wake ni mbaya kuvuta ndani ya gari iliyofungwa. Musichanganye siki na javeli. Hapo inatoka hewa ya sumu. Kama kioo cha nyuma kiko na nyuzi za kupasha joto, mupanguse polepole kufuata nyuzi, si kuzikata.

Nani atafanya?

Kazi ya watu wote inakuwa kazi ya hakuna mtu. Tunashauri komite iweke siku moja kila juma, na iandike jina la anayefanya ndani ya kaye ya gari. Vitambaa vikae ndani ya sasheti yao, chini ya kiti, visiguse mizigo.

Kazi hii ni ya dakika kumi na tano hivi, na bei yake ni kipande cha sabuni. Mavuno yenu yanapita njia ileile ambako watoto wenu wanatembea. Shofere awaone mapema.