Jua la Kaskazi: Mdogo Wangu, Linda Mizizi

Wadogo zangu, kaskazi imeshika, na wengi mnaniuliza swali moja: ua limetoka kwa muuza miche limechangamka, mbona likifika barazani kwangu linakauka? Jibu langu ni mizizi. Sote tunahangaika na majani, kumbe kwenye chungu unaoumia kwanza ni mzizi. Ardhini mzizi hushuka hadi penye ubaridi. Ndani ya kopo hauna pa kukimbilia.

Hebu shika kopo jeusi la plastiki saa nane mchana, hapa Dar es Salaam, mwezi wa pili. Linachoma kiganja! Basi na mizizi iliyogusana na kopo hilo inaungua vivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuongeza maji, punguza joto. Tumbukiza kopo ndani ya chungu cha udongo kikubwa zaidi, kisha jaza mchanga kati yake. Vyungu vipange vikaribiane, vidogo vijifiche nyuma ya vikubwa, na viinue kwa matofali visikae juu ya saruji ya moto. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri uepuke kabisa. Juu ya udongo tandaza makumbi ya nazi, unyevu utadumu.

Mche mpya nao usiutoe juani siku hiyohiyo. Kwa muuzaji mara nyingi ulikulia chini ya neti au mti. Uzoeshe: wiki ya kwanza upate jua la asubuhi mpaka saa nne tu, halafu uongeze kidogo kidogo.

Sasa maji. Mwagilia asubuhi na mapema, taratibu, mpaka yatoke kwenye tundu la chini. Kikombe kimoja kila unapopita hulowesha juu tu, mizizi ikabaki na kiu. Kabla ya kurudia, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, subiri. Ua likilegea saa saba mchana na udongo bado una majimaji, liache. Majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyavuta, na jioni litasimama lenyewe. Ukilimwagia tena kwa huruma, unaziba hewa na mizizi inaoza. Maua mengi hufa hivyo, na lawama hupewa jua.

Ukiona udongo umekauka hadi umejitenga na chungu, maji ya juu hayasaidii; yanapita pembeni na kumwagika. Tumbukiza chungu chote kwenye beseni la maji, kitulie humo mpaka mapovu yaishe, kisha kiache kichuruzike kivulini.

Mnaotumia maji ya visima vya pwani, angalieni ukoko mweupe juu ya udongo. Hiyo ni chumvi, nayo hukausha mizizi hata maji yakiwa tele. Kwangua ukoko, halafu pitisha maji mengi ya mvua au ya bomba yaikokote chumvi itoke.

Na kisahani cha chini, tafadhali, msikipuuze. Mbu wa dengi hutaga humo, na Dar es Salaam tuliuguzana kwa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Kimwageni na kukisugua kila wiki, kwani mayai ya mbu hao hushikilia pembeni na huvumilia ukavu.

Kama nyumba yako haina kivuli hata chembe, usishindane na jua. Panda waridi la jangwani, ambalo kwao ni pamoja na huku Afrika Mashariki, au bogenvilia. Hayo jua ni chakula chao.

Leo jioni, mdogo wangu, kabla hujafikiria kununua ua jingine, inamisha kila kopo ulilo nalo uone kama lina tundu. Lisilo na tundu, litoboe leo leo.