Gemu Inakumbuka Nini? Maamuzi ya Mchezaji na Mwisho wa Hadithi

Huenda umeshausikia ubishi huu hosteli. Mmoja amemaliza gemu ya hadithi kwa mwisho wa huzuni, mwenzake anamwambia, "Wewe ulichagua vibaya, kwangu yule alibaki hai." Wa tatu, ambaye kazi yake ni kuwaharibia wenzake raha, anadakia kwamba hakuna aliyechagua chochote: mwisho ni uleule, vitufe ni mapambo. Makala hii inamjibu huyo wa tatu. Ana ukweli wake, ila ameishia nusu ya njia.

Tuanze na hesabu, maana hiyo ndiyo inayombana mtunzi wa gemu kabla ya jambo lingine lolote. Hadithi yenye njia panda moja ya chaguo mbili ni hadithi mbili. Ukiongeza njia panda ya pili zinakuwa nne, ya tatu nane. Ukifika ya kumi una hadithi 1,024, na ya ishirini zinapita milioni moja. Zote zingetakiwa kuandikwa, kuchorwa na kusomwa na waigizaji wa sauti, na hakuna kampuni inayoweza mzigo huo. Kwa hiyo watunzi hufanya kama mto unaokutana na kisiwa: maji yanagawanyika, yanapita kushoto na kulia, kisha yanaungana tena mbele. Mchezaji anakiona kisiwa, haoni kwamba mto ni mmoja.

Hapo ndipo mbishi wetu anaposimama. Lakini kila unapoamua, programu huandika alama katika daftari lake la ndani: alimsaidia huyu, alimdanganya yule, alichukua chakula kisicho chake. Maji yakishaungana, alama hubaki. Baadaye mhusika anapotaka kusema neno, programu hutazama daftari kwanza, ndipo inampa sentensi ya kusema. Basi gemu yoyote ya aina hii tuiulize maswali mawili: inaandika nini, na ikifika mwisho inasoma nini?

Chukua The Walking Dead ya kampuni ya Telltale ya Marekani, iliyotoka mwaka 2012 kwa sehemu tano. Lee Everett, aliyekuwa mwalimu wa historia chuoni, amehukumiwa kwa kuua na anapelekwa gerezani huko Georgia siku ambayo wafu wanaanza kuinuka na kula watu. Anakutana na Clementine, binti wa miaka minane ambaye wazazi wake wako safarini, na kuanzia hapo yeye ndiye mlezi wake. Mapema tu, kwenye shamba moja, watu wawili wanahitaji msaada kwa wakati mmoja: Shawn, kijana wa mwenye shamba, amebanwa mguu na trekta, na Duck, mtoto wa mwanamume aitwaye Kenny, ameshikwa na wafu. Una sekunde chache. Ukimwendea Duck, Shawn anakufa. Ukimwendea Shawn, Shawn anakufa vilevile, na mwenye shamba anawafukuza nyote kwa vyovyote. Baadaye unalazimika kumwokoa Carley au Doug, na yeyote utakayemwokoa anapigwa risasi katika sehemu ya tatu. Lee mwenyewe anaumwa na mfu. Unaweza kumkata mkono au kuuacha, na bado mwisho wake ni kifo.

Ukichora njia hizi kwenye karatasi, mbishi anaonekana ameshinda. Sasa mtazame Kenny. Siku ile ya shambani aliona ulimkimbilia nani. Aliona pia uliposimama naye na uliposimama kinyume chake, sehemu baada ya sehemu. Clementine anapopotea, na Lee ameshaumwa, unawageukia wenzako uwaombe waende nawe kumtafuta. Jibu la Kenny wakati huo linatoka kwenye daftari la muda wote huo. Shawn hukuweza kumwokoa, ila kitendo chako kilikuwa na shahidi, na shahidi huyo unamhitaji leo. Tazama na onyo dogo linalotokea juu ya skrini kila mara, kwamba fulani atakumbuka ulichofanya. Wengine hulicheka. Mimi naona ndilo jambo la kweli kuliko yote ndani ya gemu hiyo, kwa sababu halikuahidi kubadilisha matukio. Linaahidi kumbukumbu tu.

Life is Strange, iliyotengenezwa na Dontnod ya Ufaransa na kutoka mwaka 2015, inatufundisha kwa uzuri wake na kwa udhaifu wake pia. Max Caulfield, mwanafunzi wa upigaji picha katika mji wa kubuni wa Arcadia Bay, jimbo la Oregon, anagundua kwamba anaweza kurudisha wakati nyuma. Unaamua, unaona matokeo, hukuyapenda, unarudi. Mwishoni unapewa chaguo moja kubwa: rafiki yako Chloe afe kama alivyokuwa afe mwanzo, au dhoruba iubomoe mji. Chaguo hilo analipata kila mchezaji, hata awe aliishi vipi wiki nzima ya hadithi. Tena ukiuchagua mji, Max anarudi mwanzo wa wiki na karibu yote uliyoyatenda yanafutika. Wapo wanaoutetea mwisho huu kwamba unafundisha kukubali. Sawa, lakini kwa maswali yetu mawili ni mwisho dhaifu: gemu imeandika daftari zima, ikasoma mstari wa mwisho tu.

Nguvu ya gemu hiyo iko katika sehemu ya pili. Kate Marsh, mwanafunzi anayeonewa kwa sababu ya video iliyosambazwa, anapanda juu ya paa la bweni akiwa amekata tamaa. Uwezo wa Max unaishiwa palepale. Hakuna kurudi nyuma. Kinachoweza kumrudisha Kate ni maneno yako, na maneno hayo yanategemea mambo madogo uliyoyapita saa moja kabla: uliipokea simu yake au ulimpuuza, uliingia chumbani mwake ukatazama ukajua ni nani katika familia yake aliye upande wake, au ulipita tu. Wachezaji wengi waliofika pale hawakujua kwamba walikuwa wanafanyiwa mtihani. Akiokoka au asiokoke, hadithi inaendelea, na kila unapopita pale chuoni unaikuta tofauti.

Quantic Dream, nao wa Ufaransa, walikwenda njia nyingine. Katika Heavy Rain ya 2010 unaongoza wahusika wanne, na wanaweza kufa bila gemu kusimama. Mwisho unatokana na nani amebaki, ingawa muuaji anayetafutwa ni yuleyule siku zote. Katika Detroit: Become Human ya 2018 wakaongeza ramani: kila sura ikiisha unaonyeshwa njia uliyopita, na zile ambazo hukupita zimefungwa. Kwa mwanafunzi wa fani hii ramani ni zawadi. Kwa mchezaji, naona inaharibu. Umetoka kumpoteza mtu, machozi hayajakauka, unaanza kuhesabu visanduku.

Gemu iliyonisumbua zaidi haina picha nzuri hata kidogo. Undertale ya Toby Fox, Mmarekani, ilitoka 2015. Mtoto anaanguka katika nchi iliyo chini ya ardhi wanakoishi majini na viumbe wa ajabu, na kila anayekutana naye anaweza kumpiga au kuzungumza naye mpaka wasameheane. Umezoea gemu nyingine ambamo pointi za uzoefu ni sifa, unazikusanya, kisha kuelekea mwisho unaambiwa pointi hizo zilikuwa kipimo cha kuua. Mwanzoni kabisa yupo Toriel, mama mpole anayekupokea na kukupikia pai, halafu anasimama mlangoni kukuzuia usiondoke. Wengi wanampiga wakidhani watamdhoofisha tu, mara anakufa. Wanafunga gemu bila kuhifadhi, wanaifungua upya, wanamsamehe. Hapo ua moja linaloitwa Flowey linawaambia kwamba linajua walichofanya na kwamba wamerudi kwa sababu wamejuta. Na aliyeimaliza gemu kwa njia ya kuua wote, akianza upya na kuwafanya wote marafiki, furaha ya mwisho inatokea ikiwa na doa. Daftari hili haliko mahali unapohifadhi mchezo wako.

Tunaosoma fiqhi tumezoea kutenganisha: aliyeua kwa kukusudia na aliyeua kwa kukosea hawana hukumu moja. Programu haina safu ya nia. Toriel aliyeuawa kwa kutojua na Toriel aliyeuawa kwa ukatili ni alama ileile. Huu ndio mpaka halisi wa gemu hizi, mkubwa kuliko idadi ya miisho, na watangazaji wanaojisifu kwa wingi wa miisho hawaugusi.

Telltale waliukaribia. Mwishoni mwa sehemu ya pili, Lee na wenzake wenye njaa wanakuta gari lililojaa chakula, mwenyewe hayupo. Unaweza kukataa kuchukua, wengine watachukua. Katika sehemu ya tano Lee anakaa mbele ya mtu aliyemchukua Clementine, na mtu huyo ndiye mwenye gari. Anamwuliza Lee habari za mambo aliyoyatenda, moja baada ya jingine. Njia zote zinafika kwenye kiti hicho, na hakuna jibu litakalomwokoa Lee. Lakini hapo mchezaji anapewa nafasi ya kusema kwa nini: ajitetee, akiri, au anyamaze.

Anayetaka kulijaribu somo hili mwenyewe, na anayevumilia damu maana ipo nyingi, acheze sehemu ya kwanza ya The Walking Dead mara mbili; haizidi saa chache. Mara ya kwanza amkimbilie Duck, mara ya pili Shawn. Agawe karatasi safu mbili: matukio yaliyobadilika, na maneno ambayo watu walimwambia Lee yakabadilika. Safu ya kwanza itakuwa fupi sana. Ya pili aianze na Kenny.