TUPANGE SHEREHE YA TOHARA MAPEMA

Hapa Itiryo Desemba ni mwezi wa tohara ya vijana wetu. Januari shule zinafunguliwa. Wengi wetu tunamaliza vyote Desemba, halafu mtoto anakosa daftari. Tufanyeje? Tushike kalamu, tuandike.

Kwanza tutenge mahindi ya chakula mpaka mavuno mengine. Yanayozidi ndiyo tuuze. Tuseme tumeuza magunia 5 kwa shilingi 70,000 kila moja. Tumepata 350,000.

Matumizi:
Mbuzi 2: 160,000
Mchele kilo 20: 50,000
Sukari kilo 5: 15,000
Zahanati: 25,000
Jumla: 250,000
Baki: 100,000

Baki hiyo si ya pombe. Ni ya sare, viatu na daftari. Jirani akisema, "Chinja na ng'ombe, usituaibishe," tumwonyeshe karatasi. Sherehe ni siku moja, deni ni mwaka mzima.

Na binti je? Tangu 1998 sheria inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18. Mzazi anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Fedha yake iende shule.

Maswali:
1. Tukiongeza mbuzi mmoja, zitabaki shilingi ngapi?
2. Mtoto atakosa nini?