MAZISHI YASIWE DENI JUU YA YATIMA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.



Kila nyumba hapa Luena inajua kilio. Na kila nyumba inajua swali linalokuja mara tu mtu anapokata roho: makuta ya kumzika yatatoka wapi? Leo tulitazame swali hili. Kwa nini sanduku na mazishi vimekuwa ghali namna hii, na dini yetu imetufundisha nini?

KWA NINI GHARAMA NI KUBWA

Sababu ya kwanza ni sanduku lenyewe. Linataka mbao kavu, misumari, vanishi, kitambaa cha ndani, vishikio, na kazi ya seremala. Seremala halaumiwi, naye anakula jasho lake. Lakini tazama hali ya mnunuzi. Anayenunua mbuzi huzunguka soko zima, hupatana bei, na akishindwa hurudi kesho. Mfiwa hana kesho. Ananunua usiku huu huu, machozi yakimtoka, na mashemeji wamesimama nyuma yake wakitazama atachagua lipi. Mtu wa namna hiyo hapatani bei. Na kitu chenyewe hutumika mara moja, kisha hufukiwa.

Sababu ya pili ni kungojea. Kaka yuko Lubumbashi, shangazi yuko Kamina, mtoto mkubwa yuko Kolwezi. Maiti anawekwa kwenye baridi. Baridi inataka umeme, na umeme ukikatika mashine inataka mazuti. Huku nyumbani watu wanalala uani, wanakula asubuhi na jioni, na chungu hakishuki motoni. Na mabishano yakiingia, kungojea hakuna mwisho. Sote tunakumbuka mzee Étienne Tshisekedi: alifariki Brussels tarehe 1 Februari 2017, akazikwa Kinshasa tarehe 1 Juni 2019. Miaka miwili na miezi minne! Hatusemi haya kwa kumhukumu mtu, ila tupate mazingatio.

Sababu ya tatu ni macho ya watu. Vikwembe vya namna moja, viti vya kukodi, muziki, video, karamu ya siku ya mwisho. Katika hivyo vyote, maiti hahitaji hata kimoja.

Sababu ya nne wazee wanaijua vizuri. Zamani kampuni kubwa za Katanga zilikuwa zinamsaidia mfanyakazi hata akifa: sanduku lilitoka kwa kampuni, na gari pia. Watu wakazoea sanduku zuri ambalo hawakulilipa wao. Kisha kampuni zikaanguka. Mwaka 2003 Gécamines peke yake iliagana na wafanyakazi zaidi ya 10,000. Mlipaji akaondoka, desturi ikabaki. Leo mjane anabebeshwa mzigo uliokuwa ukibebwa na kampuni nzima.

TAZAMA SUNNA

Sheria yetu imeziondoa gharama hizi moja baada ya nyingine.

Juu ya sanduku: Mwislamu huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa, hubebwa juu ya jeneza la msikiti, kisha hulazwa udongoni kwa ubavu wa kulia, ameelekezwa Kibla. Jeneza hurudi msikitini kumngoja mwingine. Tajiri na maskini hubebwa na mbao zile zile. Wanazuoni wamesema kumzika mtu ndani ya sanduku ni makuruhu ila kwa haja, kama udongo ukiwa wa majimaji na unaporomoka. Hapo mbao za kawaida zinatosha.

Juu ya sanda: Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikafiniwa kwa nguo tatu nyeupe za pamba. Mus'ab bin Umayr (r.a.), kijana aliyelelewa Makka katika mavazi ya thamani, aliuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria akiwa na shuka moja fupi. Wakimfunika kichwa, miguu inatoka. Wakifunika miguu, kichwa kinatoka. Mtume (S.A.W.) akaamuru kichwa kifunikwe kwa shuka na miguu kwa majani. Je, heshima ya Mus'ab ilipungua? Naye Abu Bakr (r.a.), alipokaribia kufa, alitaka nguo yake kuukuu ifuliwe awe sanda yake, kwa kuwa mzima ndiye mwenye haja zaidi ya nguo mpya.

Juu ya kungojea: Mtume (S.A.W.) ametuamuru tuharakishe jeneza. Mfalme Abdullah wa Saudi Arabia, mwenye visima vya mafuta, alifariki Ijumaa tarehe 23 Januari 2015. Alizikwa siku ile ile Riyadh, ndani ya sanda, bila sanduku, katika kaburi lisilo na jina. Kama mfalme hakungoja, sisi tunangoja nini?

Juu ya chakula: Jafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa vitani Muuta mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu wawapikie jamaa wa Jafar, kwa sababu msiba umewashughulisha. Sisi tumegeuza: mfiwa ndiye anawapikia majirani.

NI MALI YA NANI?

Hapa ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Mtu akifa, mali yake si ya kilio. Katika mali hiyo hutolewa kwanza gharama ya mazishi kwa kiasi kinachotosha, kisha madeni, kisha wasia, na kinachobaki ni cha warithi (Sura An-Nisaa, aya 11 na 12). Mbuzi anayechinjwa kwa ajili ya wageni ametoka kwa warithi. Na kama kuna mtoto mdogo, hata akisema "kuleni", ridhaa yake si ridhaa, maana bado ni mtoto. Aya ya 10 ya Sura hiyo inaonya kwamba mwenye kula mali ya yatima kwa dhulma anajaza moto tumboni mwake. Sahani unayopewa kilioni huenda ni karo ya shule ya yatima.

Tena Mtume (S.A.W.), jeneza lilipoletwa mbele yake, hakuuliza limepambwaje. Aliuliza: ana deni? Siku moja alijizuia kumsalia maiti mwenye deni la dinari tatu, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipochukua deni lile juu yake. Basi kumkopea maiti sanduku, huku deni lake halijalipwa, ni kumheshimu au ni kumwongezea mzigo?

KWA NDUGU WASIO WAISLAMU

Jamaa zetu wengi hapa si Waislamu. Wakiona sanda bila sanduku, huona tumemtupa mtu wao. Usibishane nao kaburini. Waeleze kwa adabu kwamba tumemwosha kwa mikono yetu, tumemchimbia wenyewe, tumemsalia safu kwa safu, na madeni yake tunayashughulikia. Na bora waelezwe mapema. Andika wasia wako ungali mzima, mbele ya mashahidi: sanda, jeneza la msikiti, hakuna karamu. Mjane wako asiachwe kubishana na wajomba peke yake.

TUFANYE NINI

1. Msikiti uwe daima na sanda, sabuni na kafuri tayari, kwa mchango mdogo wa kila Ijumaa.
2. Vijana wachimbe kaburi bila malipo.
3. Majirani wapike wapeleke kwa wafiwa, siku tatu.
4. Anayekwenda kutoa pole aweke kitu mkononi mwa mjane, kisha arudi kwake kula.

MASWALI YA NYUMBANI

Je, nimeandika wasia? Nina deni la nani? Katika kilio cha mwisho nilichohudhuria, nilipeleka au nilikula?

Ewe Mola, wasamehe maiti wetu, watunze yatima wetu, na utujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.