Utabiri wa mvua katika telefone: maswali matatu kabla ya kuuamini



Huku kwetu Lualaba na Haut-Katanga mvua huanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na huisha mwezi wa nne. Siku hizi wengi kati yetu, kabla ya kutoka nyumbani, hutazama telefone: jua, wingu, au wingu lenye matone. Ni desturi nzuri. Lakini picha hiyo ndogo inaweza kuokoa mtu, na inaweza kumpoteza. Leo tujifunze namna ya kuisoma.

Jambo lililotokea

Mwaka mmoja, mwezi wa kumi na mbili, kundi la wafanyakazi walikuwa kazini kando ya shimo la wazi. Kama saa 14 wingu jeusi likaanza kupanda. Mmoja akatoa telefone, akaona picha ya jua, akawaambia wenzake: «Leo hakuna mvua, tumalize kazi.» Baada ya dakika ishirini mvua iliwakuta. Walikimbilia chini ya mti, na radi ikaupiga mti ule. Wawili walifika kwetu dispensere na majeraha ya moto. Wa tatu alichelewa kuletwa, kwa kuwa watu waliogopa kumgusa. Alikuwa amekwisha kufa.

Baadaye nilimwomba mwenye telefone anionyeshe ile picha ya jua. Juu yake paliandikwa Lubumbashi, na sisi tulikuwa Kolwezi, mbali kama 300 km. Chini yake paliandikwa saa ya jana usiku, kwa maana tangu saa ile hakuwa na mega. Basi alisoma habari ya mji mwingine, tena ya siku iliyopita. Ndiyo sababu nawafundisha watu wote maswali haya matatu.

Swali la kwanza: Nani anasema?

Katika nchi yetu, ofisi ya serikali inayochunguza hali ya hewa ni METTELSAT, yenye makao yake Kinshasa. Tangazo la hatari lenye jina lake, tarehe yake na majina ya mikoa linapita maneno mengine yote.

Shirika la Dunia la Hali ya Hewa (OMM) lina ukurasa wake, worldweather.wmo.int, unaokusanya utabiri wa ofisi za serikali za nchi nyingi. Kama mji wako haumo, tazama Yr, ya Idara ya Hali ya Hewa ya Norvege pamoja na redio ya nchi ile, au meteoblue ya Uswisi, au Windy. Hizo hukubali uandike jina la mji wako wenyewe, na hazidai malipo kwa utabiri wa kawaida.

Lakini ile sauti inayopita katika WhatsApp, «tumeni kwa watu wote, kesho tufani kubwa», haina jina wala tarehe. Pengine ilisemwa miaka mitatu iliyopita, katika nchi nyingine. Usiitume mbele. Mama aliyeogopa sauti kama hiyo anaweza kukosa siku ya chanjo ya mtoto wake bure.

Swali la pili: Ni habari ya mahali gani?

Soma jina lililoandikwa juu ya picha. Telefone nyingi hushika mji mkubwa, au mji ambamo ulikuwa juzi. Andika wewe mwenyewe: Kolwezi, Likasi, Kipushi, Fungurume. Kisha hakikisha kwamba ni ule wa Kongo.

Swali la tatu: Ni habari ya saa ngapi?

Tafuta saa ambayo habari ilifika katika telefone. Kama huioni, weka mega kidogo, fungua upya, na ungoje ibadilike. Utabiri wa jana si wa leo.

Tena, usiulize telefone mambo ya mbali mno. Siku mbili au tatu za mbele, utabiri husaidia vizuri. Ukipita juma moja, chukua maana yake kwa jumla tu: mvua nyingi au mvua chache. Anayekuambia kwamba siku ya kumi na nne mvua itanyesha saa 15, usipange arusi kwa neno lake.

Kwa nini utabiri hukosea?

Watu huniuliza: «Kama wana kompyuta kubwa vile, kwa nini hukosea?» Sababu ni hizi.

Kompyuta hizo hugawa dunia vipande vipande, kama vigae vya sakafu. Katika utabiri mkubwa wa Kituo cha Ulaya (kwa Kifaransa CEPMMT), kwa miaka mingi kigae kimoja kilikuwa na upana wa kama 9 km. Lakini wingu la radi la kwetu linaweza kuwa na upana wa kilometa chache tu. Linazaliwa mchana wakati jua limepasha ardhi yenye unyevu, linapiga mtaa mmoja, na mtaa wa pili unabaki mkavu. Kompyuta inaweza kusema vizuri: leo mchana radi zitakuwako katika sehemu hii. Haiwezi kusema: zitapiga shimo lenu, si la jirani.

Sababu ya pili ni kwamba katika Kongo vituo vya kupima mvua na upepo ni vichache kwa nchi kubwa hivi. Anayepimwa kidogo hujulikana kidogo.

Ndiyo maana huandika hesabu kwa mia. Ukiona 40 kwa mia, usiseme «haitanyesha». Maana yake: katika siku kumi zenye hali kama hii, siku nne hunyesha. Nani atakubali kuanika mahindi yake yote siku kama hiyo, bila mtu wa kulinda?

Tazama pia picha ya satelite

Utabiri husema yatakayokuja. Satelite huonyesha yaliyopo sasa. Satelite za Ulaya, jina lao Meteosat, zinakaa juu ya mstari wa ikweta, kama 36,000 km kutoka ardhini, nazo zinaona Afrika nzima. Ile iliyorushwa mwezi wa kumi na mbili 2022 hupiga picha kila dakika 10, tena ina jicho la kuona radi zenyewe. Picha hizo hupatikana bure kwa EUMETSAT, na Windy pia huonyesha picha za satelite. Ukiona mawingu meupe mazito yakikua na kusogea upande wako, uwe tayari.

Mbingu hupita telefone

Hata maswali yote matatu yakijibiwa vizuri, macho na masikio yako ndiyo ya mwisho kusema.

Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Sekunde tatu ni kama 1 km. Ukisikia kabla ya kufika 30, radi iko karibu kama 10 km, nayo yaweza kukupiga. Acha kazi, mwambie mkubwa wa kazi, ingia katika nyumba ya kweli au motokari iliyofungwa. Usisimame chini ya mti, wala chini ya kibanda kisicho na kuta, wala karibu na nguzo za chuma au maji. Panapotiwa baruti, wote watoke mara moja, kwa maana radi yaweza kuiwasha hata ikipiga mbali kidogo. Rudini kazini baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Wazazi, sheria hii ni ya uwanja wa mpira pia. Mchezo unaweza kungoja.

Mwenzetu akipigwa na radi

Nasema wazi: aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse mara moja. Kama mahali pangali na hatari, mhamisheni upesi.

Kama hapumui, weka mikono miwili katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, na mwingine akimbie kutuita. Wakipigwa wengi, anza na yule asiyepumua wala kusogea. Anayelia anapumua, atangoja kidogo. Majeraha ya moto yamwagie maji safi. Usitie mafuta wala dawa ya meno. Na wote waje dispensere, hata anayesema «mimi mzima», kwa sababu moyo na masikio huweza kuumia bila kuonekana.

Najua wengine husema radi ile imetumwa na mtu. Sitaki kugombana na wazee. Nasema tu kwamba dakika za kutafuta aliyeituma ndizo dakika ambazo moyo wa ndugu yako ungeweza kurudishwa.

Kwa wanaolima na wanaokaa karibu na mto

Kila mwaka, kabla ya mvua, wataalamu wa nchi za SADC, na Kongo imo, hukutana na kutoa utabiri wa majira yote. Hautakupa siku ya kupanda, lakini husaidia kuchagua mbegu na kiasi cha kulima.

Na mvua nyingi ni jambo la kufa na kupona. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mito ilifurika Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, Sud-Kivu, na watu zaidi ya 400 walikufa. Kama nyumba yako iko karibu na mto au mfereji, siku ya tangazo la mvua kubwa amua mapema: tutalala wapi, nani atabeba mtoto mdogo, karatasi za nyumba ziko wapi. Maji yakisha kuingia, chemsha maji ya kunywa, kwa maana kipindupindu hufuata mafuriko.

Tukumbuke

1. Nani anasema?
2. Ni habari ya mahali gani?
3. Ni habari ya saa ngapi?
4. Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30, funga telefone, ingia ndani.

Kata sehemu hii, uibandike karibu na mlango. Na jioni hii, baba, mwombe mtoto wako akuonyeshe jina la mji lililoandikwa katika telefone yako. Labda utashangaa.